Habari Iliyongojea Shule Ifungwe

Ile asubuhi ya kufunga shule naikumbuka kwa baridi yake kwanza, mwanangu. Ilikuwa baridi ya upande wa Mweiga, ile inayoshuka kutoka milima ya Aberdare na kukaa juu ya mashamba ya viazi mpaka jua lipande kabisa. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa Kidato cha Nne siku iliyotangulia. Nilikaa juu ya sanduku langu la bati nje ya bweni, mikono ya sweta nimeivuta hadi vidoleni, nikimngoja mama.

Shule yetu ilikuwa ya masista, ya wasichana watupu, na siku ya kufunga ilikuwa na utaratibu wake. Misa kwanza, halafu hotuba ya Sista Mkuu, halafu zawadi kwa waliofanya vizuri, halafu chai ya maziwa na mkate wa siagi, ambao siku nyingine hatukuuona. Wazazi walikuja na nguo zao za kanisani. Mama alikuwa na koti la kijani la siku kama hizo, na nilizoea kulitafuta kwa macho tangu langoni. Muhula mzima nilikuwa nimemwekea maneno. Nilitaka kumwambia kwamba Kemia haikuwa mbaya kama nilivyoogopa, na kwamba nikifaulu nitasomea ualimu, si uuguzi kama alivyotaka yeye. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kwa ubishi huo.

Utaniuliza kama sikuhisi kitu. Wengi wameniuliza. Nikirudi nyuma sasa naona mambo, lakini ukiwa ndani ya mtihani unaona kitabu tu. Naona kwamba matroni, mama mkali aliyetuamsha kwa kugonga vyuma vya vitanda, ghafla aliacha kunifokea. Naona kwamba mwalimu wa Biolojia alikuwa akiniuliza kila akinikuta kama nimekula. Nilifikiri ni kwa sababu ya mtihani. Na kuna jambo moja ambalo hadi leo, likinijia nikiwa kanisani, huwa natoka nje kidogo nipate hewa.

Jumapili moja katikati ya mtihani, ulipofika wakati wa sala ya waamini, Padre aliomba mwenyewe badala ya msomaji. Akasema, "Tumwombee mama mmoja wa jumuiya yetu aliyetutoka wiki hii, Mungu ampokee." Hakutaja jina. Wasichana wote tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mimi pia niliitikia. Nakumbuka hata nilimwinamia rafiki yangu Wanja nikamwuliza maskini ni mama ya nani huyo, naye akasema hajui.

Nilimwombea mama yangu mwenyewe bila kujua, mwanangu, kisha nikarudi darasani kusoma Jiografia.

Basi siku hiyo ya kufunga Misa ilikwisha, hotuba zikaisha, chai ikanywewa. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja na wazazi wao. Baba mdogo Gathogo alipofika tulikuwa tumebaki wachache uwanjani. Huyu alikuwa ndugu mdogo wa baba yangu, karani wa ofisi mjini Nyeri, mtu wa suti na kalamu mfukoni, na katika ukoo wetu akishasema neno hakuna aliyeongeza lake. Alikuja na pikapu ya jirani. Baba alikuwa ndani na hakushuka. Nilimwendea pale dirishani nikamsalimia, akanipa mkono, mkono wenyewe umelegea, na hakuniangalia.

"Mama yuko wapi?" nikamwuliza.

Baba mdogo ndiye aliyejibu, huku akiinua sanduku langu. "Yuko nyumbani. Hajisikii vizuri. Twende, tutaongea huko."

Kwetu ni ndani ya Kieni, ukishapita Chaka na kuacha lami. Tulipita Nyeri, tukapita Kiganjo, mimi nimekaa katikati ya wanaume wawili nikipanga jinsi nitakavyomwuguza mama. Nilijua ni kifua, maana kila msimu wa baridi kilimsumbua. Nilipanga uji, nilipanga maji ya moto ya kuvuta mvuke, nilipanga kwamba ng'ombe nitamkamua mimi hadi atakapopata nguvu.

Pikapu ilipoingia kwetu niliona lundo la udongo kando ya nyasi za ng'ombe. Nilidhani wamechimba shimo la kuwekea viazi. Halafu nikauona msalaba wa mbao, umeandikwa jina la mama kwa rangi nyeupe, lile la ubatizo na lile la nyumbani.

Nilishuka nikaenda kusimama pale. Maua yalikuwa yamekauka hadi yakawa rangi ya majani ya chai. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka, na katika nyufa zake kulikuwa na magugu madogo ya kijani. Magugu hayo ndiyo yaliyonijulisha kwamba si jana wala juzi.

Nikamgeukia baba. "Mlimzika lini?"

Baba mdogo alifungua mdomo, lakini safari hii baba alimzuia kwa mkono. "Siku ile mlikuwa mnafanya Hesabu," akasema.

Mengine nilielezwa jioni hiyo, wote wakiwa wamekaa sebuleni na mimi nimesimama. Mama alizidiwa na kifua wiki ile mtihani ulipoanza, akapelekwa hospitali, akalala huko siku kadhaa, akafariki. Ukoo ulikutana. Baba mdogo akasema mtoto yuko kwenye mtihani, ndiye wa kwanza katika nyumba hii kufika Kidato cha Nne, akiambiwa ataanguka, na taabu yote aliyopata mama yake kumsomesha itakuwa ya bure. Akaenda kumwona Sista Mkuu, naye akakubali. Walimu waliambiwa wanyamaze. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuniumiza. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani nilizungukwa na watu wabaya. Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya.

Kesho yake wanawake wa jumuiya walikuja kunipa pole. Walikuja na mikono yenye udongo, maana viazi vilikuwa vimekomaa na kila mtu alikuwa akivuna. Walikuwa wameshalia, mwanangu. Walikuwa wameshakesha nyumbani kwetu, wameimba nyimbo zote, wamepika, wamezika, wamefagia ua, wamerudi kwenye mashamba yao. Mimi nilianza kulia wakati wao wamemaliza. Waliniambia ninyamaze, imeshapita, na kwao ilikuwa imepita kweli. Mmoja wao, shangazi yangu, alikuwa amevaa lile koti la kijani. Nguo za mama zilikuwa zimeshagawanywa.

Sikuvunjika hapo, ingawa ungedhani ndipo. Nilivunjika asubuhi iliyofuata, tukikamua, mimi na mdogo wangu Nyambura. Alikuwa bado shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa akipelekwa hospitali kila jioni. Nilimwuliza kama mama alisema neno lolote. Aliikaza kamba ya ndama, akasema, "Alikuwa anauliza wewe. Mlango ukifunguka tu, anauliza ati Muthoni amefika?"

"Wakamwambia nini?"

"Baba mdogo alimwambia uko njiani."

Kumbe na yeye walimdanganya. Alikufa akinitazamia mlangoni.

Tangu siku hiyo sikumsalimia baba. Baba mdogo alikuwa na kwake Nyeri na hasira yangu haikumfikia, kwa hiyo yote ilimwangukia aliyekuwa karibu. Nilimpikia, nikamfulia, nikaweka chakula chake mezani na kutoka. Akiniuliza jambo nilimjibu kupitia kwa Nyambura. Alizoea kula nje, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama ng'ombe. Kanisani aliacha kwenda. Majirani walisema amezeeka ghafla.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu sana. Baba mdogo alikuja na mbuzi, akachinja, akaita watu. Nyama ikiwa bado jikoni alisimama akasema mbele ya wote, "Sasa mnaona? Tungemwambia, haya yote tungeyakosa." Watu wakapiga makofi. Nilitoka nikaenda kukaa kando ya kaburi hadi wageni wakaondoka, na sikuionja ile nyama.

Baadaye kidogo nilirudi shuleni kuchukua hati yangu ya matokeo. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamwambia Sista Mkuu kila kitu. Jina lake lilikuwa Sista Perpetua, mzee wa kutoka pande za Meru, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyokufanya usogee karibu ndipo usikie. Alinipokea katika chumba cha wageni. Sikungoja chai. Nilimwambia kwamba yeye na Padre wake waliniombesha kwa ajili ya mama yangu kama ninamwombea mtu baki, kwamba mama alikufa akiniuliza, na kwamba sitawasamehe.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nilikuwa na neno moja tu la kukuambia, na nilikuwa na siku nyingi za kulisema. Sikulisema. Nilikosa, Muthoni. Kama huwezi kunisamehe leo, usinisamehe leo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi, si kwa maneno kama hayo. Nilikaa chini. Akaniuliza habari za nyumbani, za Nyambura, za ng'ombe. Halafu akaniuliza, "Na baba yako unamsalimia?"

Niligeuka nikatazama dirishani.

"Basi umeanza kufanya lile tulilokufanyia sisi," akasema, bado kwa sauti ile ndogo. "Sisi tulikunyima neno, tukasema ni kwa faida yako. Wewe unamnyima baba yako neno, na hata hujasema ni kwa faida ya nani. Umewahi kumwuliza yeye alikuwa wapi siku zile? Alifanya nini? Nenda umwulize. Na ukishamwuliza, nyamaza usikie."

Hakunibariki wala hakunishika bega. Alinipa hati yangu, akanifungulia mlango. Niliondoka nikiwa na hasira naye zaidi ya nilivyokuja, na hasira hiyo ilinisindikiza hadi Kiganjo. Kutoka Kiganjo hadi nyumbani sikuwa na kitu tena, nilikuwa nimechoka tu.

Nilimkuta baba amekaa juu ya ile ndoo. Nilimsalimia. Aliinua macho kana kwamba ameitwa na mtu wa mbali. Nikavuta kiti nikakaa, nikamwuliza siku zile za hospitali yeye alikuwa wapi.

Alimtazama ng'ombe kwanza. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata ndugu yake. Alisema siku moja, mama alipokuwa ameuliza tena, alitoka hospitali bila kumuaga mtu, akapanda gari hadi Mweiga, akatembea hadi shuleni. Alikuwa amekuja kunichukua. Hakutaka tena kusikia habari ya mtihani. Alifika kwenye ua wa shule wakati tunatoka kwenye karatasi ya asubuhi, akaniona kupitia matundu ya ua.

"Ulikuwa na wenzako," akasema. "Ulikuwa ukicheka. Ulikuwa umeshika tumbo kwa kucheka."

Nikamwuliza basi kwa nini hakuniita.

"Nilishindwa," akasema. "Nilisimama pale, nikaona nikikuita, hicho kicheko mimi ndiye nitakayekizima. Nikasema wacha acheke leo, nitakuja kesho. Nikarudi. Mama yako nikamwambia nimekuona, uko mzima, unaandika vizuri. Alifurahi. Kesho yake hakuamka."

Hakulia akisema hivyo, wala mimi sikulia. Niliingia ndani nikamtengenezea chai, nikaileta, na badala ya kuiweka na kuondoka nikakaa mpaka akaimaliza. Ndivyo tulivyoanza kuongea. Usidhani kwamba tulipona, mwanangu. Baba aliishi miaka michache baada ya hapo, tukaongea juu ya mvua na maziwa na karo ya Nyambura, na mara moja moja juu ya mama. Lakini kila alipocheka mbele yangu, alikata kicheko katikati. Mpaka alipofariki hakupata kucheka hadi mwisho nikiwa karibu. Baba mdogo naye aliishi kwa muda mrefu, na hadi siku zake za mwisho alisema alifanya sawa.

Ualimu niliusomea. Sasa nafundisha shule nyingine ya Kikatoliki, chini ya mlima, na kazi ya ushauri kwa wanafunzi ni yangu. Nakaribia kustaafu. Najua nikigeuka ninyi wanafunzi mnaniita Shosho, yaani bibi, na sichukii. Nakueleza haya kwa sababu ya muhula huu tunaoufunga.

Katikati ya mtihani wa mwaka huu simu ya ofisini ililia. Alikuwa kaka ya msichana mmoja wa Kidato cha Nne, nitamwita Nyawira, ingawa silo jina lake. Baba yao alikuwa amekufa alfajiri hiyo, gari lilimgonga akipeleka maziwa. Kaka aliomba tusimwambie dada yake mpaka shule ifungwe. Alisema maneno yaleyale, mwanangu, karibu kwa mpangilio uleule: ndiye tumaini letu, ataanguka, baba mwenyewe angetaka amalize. Mwalimu Mkuu alisita. Ni mtu mwema, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Nilimwambia kwamba kama hataki kumwambia, nitamwambia mimi, na kama atanikataza, nitamwambia bado. Mwishowe akasema niende.

Nilimwita Nyawira kwenye kikanisa chetu, nikamkalisha, nikamshika mikono yote miwili. Nilikuwa nimejifunza jambo hilo kwa kulikosa, kwamba mtu asizungushwe. Nikamwambia, "Nyawira, baba yako amefariki leo asubuhi." Alipiga kelele ambayo shule nzima iliisikia. Alinikwaruza mikono; alama zilikaa wiki nzima. Nilikaa naye sakafuni hadi kaka yake alipokuja kumchukua, naye kaka hakunisalimia.

Alikwenda akamzika baba yake. Karatasi moja ilimpita akiwa huko. Nyingine alizifanya akiwa ametoka kulia, na mimi niliyemsimamia katika chumba cha mtihani niliona alivyokuwa akilitazama swali bila kulisoma. Siwezi kukuambia kwamba amefaulu. Matokeo hayajatoka, na sina matumaini makubwa. Juzi, siku ya kuwaaga Kidato cha Nne, baada ya Misa, kaka yake aliniambia mbele ya wazazi wengine kwamba dada yake akianguka, lawama ni yangu. Nilimwambia nimesikia. Baadhi ya wazazi waliondoka bila kuniaga.

Nyawira mwenyewe alinifuata nikiwa nakusanya vikombe. Amekonda. Alisimama kando ya meza, akanisaidia kuvipanga bila kuombwa, na tulipofika mwisho akasema, "Mwalimu, kabla wafunge jeneza walinipatia nafasi. Nilimshika uso." Kisha akaenda zake kupanda gari.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana karibu nyote mtakuwa wakubwa wa nyumba siku moja na simu kama ile itawafikia. Mtu akifiwa, mwambie. Mwambie mapema, kwa maneno machache yasiyo na mafumbo, ukiwa umekaa karibu naye, na usiondoke baada ya kumwambia. Usijipe kazi ya kupima kama wakati wake unafaa. Kifo hakina wakati unaofaa, na mtihani utarudiwa mwaka ujao, lakini maziko hayarudiwi. Ukiwa na mgonjwa anayeuliza mtu wake, mlete huyo mtu, hata kama yuko darasani, hata kama yuko kazini, hata kama ukoo wote umekataa. Ukisimama nje ya ua ukamwona akicheka, mwite. Kicheko atakipata siku nyingine. Na kama wewe ndiye uliyefichwa habari, hasira hiyo ni haki yako na sitakuambia uitupe. Ila usiifunge mdomoni. Mwendee aliyekuficha umwulize alikuwa wapi siku zile, kisha unyamaze umsikie, kwa maana huenda na yeye alifika mpaka kwenye ua akashindwa.

Nenda nyumbani salama. Ukute unaowapenda wakiwa wazima, na kama kuna asiyekuwepo, uambiwe usoni na mtu anayekupenda. Mungu akupe sikio la kuyapokea mazito na ulimi wa kuyasema, akulinde njiani, na akurudishie kicheko chako kila kitakapokatika.